GPS iliyokuwa ikizimika njiani
GPS yangu ya mkononi, ninayotafutia vijisanduku vya geocaching (mchezo wa kusaka vijisanduku vilivyofichwa), ilizimika kila nikiharakisha mwendo. Nikisimama, inakaa sawa. Fundi mmoja akasema imekufa, ninunue nyingine. Wapi! Ndani ya mfuniko springi zilikuwa na kutu ya kijani na unga mweupe: hewa ya chumvi ya Mombasa, na betri ya alkali iliyovuja. Nikasugua kwa pamba yenye maji ya limau hadi povu likakoma, nikafuta kwa spiriti, nikaacha ikauke kabisa, nikavuta springi kidogo zibane betri. Imetulia. Ukiweka betri za kuchaji, volti 1.2 badala ya 1.5, badilisha aina ya betri kwenye menyu, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Vichochoroni Mji wa Kale mahali inapoonyesha bado panayumba, lakini hapo ni kuta zinazorudisha mawimbi ya setilaiti.