Kanga, karatasi na rangi katika ukurasa mmoja: ninavyotengeneza daftari la sanaa

Ukurasa unaochanganya kitambaa, karatasi, rangi na maandishi huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana kazi yangu yote naipanga kwa kuyafuata maji: yanaingia lini, kwa kiasi gani, na kama yamekauka kweli.

Natumia kaunta buku ya kawaida iliyoshonwa kwa uzi, yenye jalada gumu. Karatasi yake ni nyepesi mno kubeba rangi, kwa hiyo nagandisha karatasi tatu ziwe moja kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi naitandaza kwa kadi ya benki iliyoisha muda, kutoka katikati kwenda pembeni, ibaki utando tu. Brashi huacha gundi nyingi, na gundi nyingi ndiyo inayoleta makunyanzi. Kila baada ya karatasi hizo tatu nakata moja karibu na mshono na kuacha sentimita 2, maana daftari likijaa vitambaa bila kupunguzwa karatasi, mgongo hupasuka. Kisha nakinga kwa nailoni pande zote mbili, nafunga daftari, naweka matofali mawili juu yake hadi kesho.

Kanga ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Kanga mpya ina wanga, na gundi haipenyi kwenye wanga. Ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka maji yatoke meupe, hasa ikiwa nyekundu au nyeusi, la sivyo rangi yake itachuja na kuingia kwenye kila kitu cheupe utakachoweka karibu. Ikikauka ipigwe pasi. Jina la kanga ni refu, haliingii kwenye ukurasa, kwa hiyo nalikata neno moja moja na kuyapanga maneno kwa kushuka. Kabla ya kukata, nageuza kitambaa na kupaka gundi upande wa nyuma, upana wa sentimita 1 kufuata mstari nitakaokata. Ikishakauka, mkasi mkali unapita bila nyuzi kuchomoka. Ukitaka pindo lichanike kwa makusudi, usipake gundi hapo, kisha uvute nyuzi mbili tatu kwa sindano. Hupendeza sana.

Kubandika: gundi nzito chini, kitambaa juu, bonyeza kwa kidole kutoka katikati, halafu pitisha juu gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Vipande vya gazeti au karatasi iliyochovywa kwenye chai ya rangi na kuanikwa vinaingia hatua hiihii, vikilalia kidogo kingo za kanga ili kitambaa kisionekane kama kiraka.

Picha itolewe kopi kwenye mashine inayotumia wino wa unga. Picha ya printa ya wino wa maji hutiririka gundi ikiigusa tu. Usipokuwa na hakika, lowesha kidole upitishe kwenye ukingo wa picha: ikipaka, usiitumie.

Rangi nyeupe ya kutuliza mandhari nachanganya mwenyewe: vijiko 3 vya rangi ya maji ya ukutani, kijiko 1 cha gundi, kijiko 1 cha unga wa chaki uliochujwa kwa kitambaa chembamba. Maji kidogo tu, uzito uwe wa uji mwepesi. Tabaka mbili nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Tabaka moja nene hupasuka penye mkunjo wa daftari. Usikaushe kwa draya ya nywele iliyosogezwa karibu. Gundi ya chini huvimba na kuacha malengelenge yasiyolainika tena. Feni inatosha.

Upande wa nyuma wa ukurasa nao upakwe tabaka moja. Karatasi iliyoloweshwa upande mmoja hutanuka, ikikauka hujivuta na kujikunja. Nyuma ikipakwa, pande mbili zinavutana sawa na ukurasa unatulia.

Sasa akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji. Stensili, yaani kigezo chenye matundu ya umbo la maua, nakata kwenye filamu ya zamani ya eksirei, kwa sababu haivimbi na inafutika. Sponji iwe karibu kavu: chovya, igonge kwenye gazeti mpaka iache vidoa tu, ndipo uguse stensili. Sponji yenye maji hupenyeza rangi chini ya kingo na maua yote yanakuwa madoa.

Maandishi yangu huja baada ya rangi, kwa makapeni isiyofutika. Kalamu ya bolpeni huziba ncha ikikwaruza akriliki. Chochote kinachoyeyuka kwa maji kisiguswe tena na gundi.

Kwa wanaoishi pwani kuna tatizo moja zaidi. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, akriliki na gundi nyeupe hubaki na unato hata baada ya kukauka, na kurasa mbili zinazotazamana hung'ang'aniana hadi rangi ibanduke. Acha ukurasa wazi siku mbili, kisha sugua mshumaa mweupe juu yake kwa mkono mwepesi na ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Nta iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu juu yake hakuna gundi wala rangi itakayoshika. Kwa ukurasa wenye kanga nyingi, naongeza karatasi ya kuokea katikati ya kurasa.