Jimny yangu na milima ya Usambara

Watu wakiiona Suzuki Jimny yangu pale Dar huuliza, "Kagari hako kanapandaje Lushoto?" Kanapanda, tena vizuri sana. Kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni lami, kona juu ya kona, na gari lolote zima linafika. Kazi inaanza ukiiacha lami kuelekea Mtae.

Juzi mvua ilinikuta huko. Udongo mwekundu ukishalowa ni utelezi mtupu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Nikasimama, nikakanyaga klachi, nikabonyeza kitufe cha 4L, yaani matairi yote manne yavute kwa gia nzito ya nguvu, na kusubiri taa yake itulie kwenye dashibodi. Kisha gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo. Matairi ya mbele yakachimba, yakashika, gari likapanda taratibu hadi juu. Raha yake acha tu!

Gari lenyewe lina uzito wa tani moja na kidogo, lina chesisi kamili, yaani fremu ya chuma chini ya bodi, na ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha matairi ya kushoto na kulia) mbele na nyuma, na ni fupi, kwa hiyo linageuka pale Land Cruiser inapohangaika. Kushuka naacha injini ndiyo ilishikilie gari, breki nazigusa tu. Zikishaungua kwenye mteremko ule, umekwisha.

Kwa safari ndefu za barabara kuu, injini ya cc 1,300 inachoka ukitaka kulipita lori, na mizigo ya watu wanne haienei. Lakini kwa Mlalo na Mtae, silibadilishi. Anayetafuta la mtumba aingie kwanza chini ya gari, akague kutu kwenye chesisi.