Mkono wa Kushoto Umelala

Jumapili ile ya Februari 2024 mjomba alikaa nyuma ya kamba kwenye kiti cha kukunja, makoti mawili mwilini, kofia ya sufu kichwani na viziba masikio juu ya kofia. Tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya Houston, upande wa kaskazini-magharibi, na jua lilikuwa halijapanda sawasawa. Hakuwa amemaliza mwezi tangu atoke Tanga, na baridi ya Texas alikuwa hajaisamehe.

"Huyu mwenye kisanduku mkononi ni nani?"

"Msimamizi, mjomba. Kile kisanduku ni taima. Kikilia, napiga. Kinasikia kila mlio wa risasi na kuandika muda."

"Kwa hiyo adui ni saa."

"Ndiyo, mjomba."

"Haya."

Mjomba ni askari mstaafu. Alikwenda Vita vya Kagera akiwa kijana mdogo, akarudi mzima, na miaka yake ya mwisho kazini aliimaliza akinoa makuruta wa JKT pale Maramba. Mimi nilipita kambi hiyohiyo baada ya kidato cha sita, kwa mujibu wa sheria, yeye akiwa ameshastaafu, na huko ndiko nilikoshika bunduki kwa mara ya kwanza: SMG, kifudifudi kwenye vumbi, risasi za kuhesabu, afande amesimama kichwani. Mpaka leo sijui nilipiga shabaha au kichuguu. Lakini niliipenda ile hali ya dunia nzima kujikunja ikawa doa moja mbele yako. Nilipokuja Marekani na kuwa muuguzi, mwenzangu wa wodini akanialika nikaangalie mashindano ya bastola. Nilikwenda kutazama, nikarudi nimeshaulizia bei.

Mchezo wenyewe unaitwa Steel Challenge, ulianza California mwaka 1981. Mbele yako zimesimama sahani tano za chuma zilizopakwa rangi nyeupe. Nne unazipiga kwa mpangilio wowote utakao. Ya tano, ile ya kusimamisha saa, lazima iwe ya mwisho. Unasimama mikono ikiwa juu ya mabega, bastola imelala kwenye ala kiunoni, taima inalia, basi. Kwa kawaida unapiga raundi tano, ya polepole kuliko zote inafutwa, nne zinajumlishwa. Kila sahani unayoiacha inakuongezea sekunde tatu, na kwa mpigaji mzuri sekunde tatu ni raundi nzima.

Kuna vituo vinane rasmi, kila kimoja na jina lake, na vipimo vyake havibadiliki: sahani ya ukubwa fulani, umbali fulani, popote unapopigia. Nadhani hii ndiyo sababu mchezo umeingia vizuri hivi kwenye uhalisia pepe, ile miwani ya kufunika macho inayokuonyesha mahali ambapo hupo. Mtengeneza programu hana haja ya kubuni chochote. Anachukua vipimo, anaisimamisha sahani ndani ya miwani, na wewe sebuleni kwako unapiga kituo kilekile utakachokikuta uwanjani Jumapili.

Miwani yenyewe haikununuliwa kwa ajili yangu. Baba Salma ndiye aliyeileta nyumbani ili apunguze tumbo kwa kupigana ngumi za hewani. Alipigana wiki moja, tumbo likashinda. Mimi nikaagiza kishikio cha plastiki chenye umbo la Glock 17, bastola ninayotumia, ambacho kidhibiti cha miwani, kile kifaa chake cha kushika mkononi, kinafungwa humo, nikalipia programu ya mazoezi ya shabaha, na majira yote ya baridi nikawa narudi kutoka zamu ya usiku, nasukuma meza ukutani, napiga sahani ambazo hazipo.

Mjomba alinikuta hivyo alfajiri ya pili ya kufika kwake. Alikuwa anatoka chumbani kwenda kutia udhu. Nikasikia mlango, nikaamkia bila kumwona.

"Shikamoo mjomba."

Kimya. Kisha: "Marahaba. Unampiga nani?"

"Sahani, mjomba."

"Zimekukosea nini?"

Baada ya swala alirudi akaketi kwenye kochi akinitazama, nami nikamweleza habari ya gharama. Mashindano ya vituo vitano tu yanakula risasi zaidi ya 100 hata kama hukosi hata moja, na mimi hukosa. Mazoezi yanakula mara nyingi ya hizo. Aliposikia kwamba risasi moja ya 9mm ni kama senti 25 za dola, alitoa simu akapiga hesabu. Nyumbani wakati ule sukari ilikuwa imeadimika, kilo imefika shilingi 4,000 na kwingine zaidi. "Kiboksi cha hamsini ni kilo nane za sukari," alisema, akarudisha simu mfukoni. "Endelea na plastiki."

Wanaoidharau miwani husema haina teke, ule mruko wa bastola inapofyatuka, na kweli haina. Kidhibiti kinatetemeka kidogo kiganjani, spika zinatoa mlio, yameisha. Mimi nilifaidika hapohapo wanapopadharau. Programu ile inachora njia ya mtutu, mstari mwembamba hewani unaoonyesha bastola ilipopita kabla na baada ya kila risasi. Nilipoutazama wangu niliona unazama chini kila kidole kilipokaribia kumaliza kuvuta. Plastiki tupu, isiyo na baruti, na mwili wangu bado ulikuwa unajikinga na teke lisilokuja! Uwanjani nilishaambiwa mara nyingi kwamba naisukuma bastola chini, nikabisha, kwa sababu teke la kweli linakuja papo hapo na kufuta ushahidi. Na mstari hauna sababu ya kunionea.

Kwa hiyo Desemba na Januari niliishi na ule mstari mpaka ukanyooka. La pili lilikuwa macho. Wanaoanza hudhani kasi ya mchezo huu ni kidole. Kasi ni macho kuiacha sahani iliyopigwa na kutua kwenye inayofuata, katikati yake hasa, kabla bastola haijafika. Ndani ya miwani unaweza kurudia mhamo huo mmoja, sahani ya pili kwenda ya tatu, mpaka shingo ilalamike, na hakuna sukari iliyopotea.

Ina kasoro zake, na nilizijua kabla ya Jumapili ile. Kamera za miwani ndizo zinazokifuatilia kidhibiti. Mkono ukishuka kiunoni hazikioni vizuri, na ndani kule bastola inaelea pembeni kidogo kabla ya kujirudia. Kuchomoa nikawa nafanyia mazoezi kwa bastola yenyewe, tupu, baada ya kuhakikisha chumba chake mara mbili. Tena lenzi zinalilazimisha jicho kutazama umbali mmoja tu, sahani iwe karibu au mbali. Mimi niliye na kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu juu ya bastola hainisumbui, kwa kuwa natazama shabaha na kuiacha nukta ije. Anayelenga kwa chuma cha mbele na cha nyuma atakuwa na maneno mengine.

Basi, kundi letu lilianzia Smoke & Hope, kituo cha kasi kuliko vyote, mistatili minne mikubwa iliyo karibu na sahani moja ya duara nyuma yake katikati. Msimamizi akaniuliza kama niko tayari, akanyamaza ule unyamavu wao, taima ikalia.

Niliona. Sina namna nyingine ya kulieleza. Miaka yote nilikuwa napiga ndani ya kitu kama radi, nasikia chuma kikilia na kutumaini ni changu. Safari hii niliona nukta ikipanda kutoka sahani ya kwanza, nikaona chembe za rangi zikiruka, na macho yalikuwa yameshafika ya pili yakiisubiri bastola. Ya tatu, ya nne, duara. Msimamizi alisoma muda, chini ya sekunde tatu, na mwenzangu wa wodini aliyekuwa anaandika matokeo aliinua kichwa kunitazama. Kabla ya hapo sikuwahi kuikaribia. Raundi zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Nikageuka nikamwona mjomba anapiga makofi kwa glavu, hayasikiki.

Halafu tukahamia Pendulum.

Pendulum haina sahani kubwa. Zote ni duara, ndogo, nyingi ziko umbali wa kama hatua ishirini, na pale ukipiga haraka bila uhakika unalipa. Risasi ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ikapita juu. Nikarudia, ikapita juu tena. Raundi ya pili niliacha sahani nzima nikaipiga ya kusimamisha, sekunde tatu zikaongezwa. Ajabu ni kwamba macho yalikuwa yanafanya kazi ileile. Yalifika kwenye sahani kwa wakati na kutulia, kisha nukta haikuwepo. Ilikuwa bado juu, inashuka taratibu kwa kujitakia, nami kidole hakikuwa na subira ya kuingoja.

Wenzangu walipokwenda kuzipaka rangi sahani, nilimwendea mjomba.

"Mkono wa kushoto umelala," alisema, kabla sijakaa.

"Vipi, mjomba?"

"Nipe mkono." Akaukamata wa kulia kama unavyokamata bastola, akauzungushia wake. "Ile plastiki yako haipigi. Kushoto kumezoea kukaa bure, kunasindikiza tu. Kwenye yale mabati makubwa hukuona, risasi ikipanda kidogo bado ni bati. Hapa haikusamehi." Akakaza. Mzee ana zaidi ya miaka sitini na mitano na niliumia. "Hivi. Kulia kuvute, kushoto ndiko kushike."

"Umeonaje kutoka huku nyuma?"

"Makuruta hutazama shabaha. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatazama vidole."

Nilipopanda tena mstarini nilikaza kushoto mpaka kucha zikabadilika rangi. Raundi zilizobaki za Pendulum hazikuwa nzuri lakini nukta ilikuwa inarudi nyumbani, na kwenye Roundabout, ambako sahani ziko katikati, si kubwa wala si mbali sana, vitu viwili vile vilikutana: macho ya miwani na mkono wa Maramba. Pale nilipiga vizuri.

Outer Limits nisiipambe. Kile ni kituo pekee ambacho unapaswa kuhama, unapiga sahani mbili ukiwa kwenye kisanduku kimoja, unakimbilia kingine kumalizia, na sahani zake za mbali ziko kama mita 32. Sebule yangu haina mita za kukimbilia. Ukikaribia ukuta miwani inachora uzio mbele ya macho, na mwili wangu ulikuwa umeshajifunza kuuogopa uzio huo. Uwanjani, kwenye nyasi tupu, mguu ulifupisha hatua kana kwamba kuna meza. Nilicheka peke yangu baada ya raundi ya pili. Mwenzangu akaniuliza nacheka nini, nikamwambia nimejikwaa kwenye kochi.

Kwa jumla nilimaliza katikati ya orodha, mahali ambapo nimekuwa nikimaliza siku zote. Lakini orodha inajumlisha, na ukiifungua kituo kwa kituo ilikuwa inasema habari mbili tofauti kabisa. Kwenye gari nilimsomea mjomba muda mmojammoja kutoka kwenye simu naye akawa ananiuliza: hapa ulikuwa karibu au mbali? Ndogo au kubwa? Umetembea au umesimama? Tulipofika barabara kuu alikuwa ameshaigawa siku yangu mafungu mawili, la vituo vikubwa na vya karibu, na la vingine vyote.

"Ile miwani inajua macho," alisema. "Haijui uzito. Tutaifundisha."

Nilidhani ni maneno ya njiani. Jumanne alfajiri nimerudi kazini, nimevaa miwani, nimesimama mbele ya Pendulum ya hewani, mara kitu kikaipiga plastiki kwa chini, pa! Mtutu ukaruka, mstari ukaenda darini.

"Kushoto!" alisema mjomba. Alikuwa amechuchumaa pembeni yangu na mwiko wa ugali, ule mkubwa alioniletea kutoka Tanga.

Ndivyo tulivyofanya mazoezi tangu siku ile. Mimi siuoni mwiko, sijui utakuja risasi ya ngapi, na nikilegeza kushoto nukta inapotea na programu inaniandikia aibu yangu kwa rangi nyekundu. Baba Salma alisema jirani wakichungulia dirishani watapiga simu polisi, mwanamke kajifunga kitu usoni anafyatua plastiki na mzee anamchapa na mwiko. Mjomba akamwambia afunge pazia.

Aliporudi Tanga mwezi wa nne, mwiko alimwachia Salma, ambaye ana miaka sita na hana huruma.