Ervin Staub na wale watoto waliosubiri ruhusa

Kuna profesa mmoja nimekuwa nikimsoma mwezi huu wote na hata nikizima laptopu usiku bado namuwaza, kwa hiyo acha niandike tu yatoke. Anaitwa Ervin Staub, kafundisha saikolojia ya jamii Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst kuanzia 1971, na karibu kazi yake yote inazunguka swali moja: kwa nini mtu anaona mwenzake anaumizwa halafu anabaki kutazama, na mwingine palepale anaingia kusaidia.

Swali lenyewe lilianzia nyumbani kwao. Staub ni Myahudi, kazaliwa Hungaria 1938, kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka sita hivi 1944 Wayahudi wa huko walipoanza kusombwa kwenye matreni kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Familia yake ilipona kwa zile hati za ulinzi alizokuwa anatoa Raoul Wallenberg, mwanadiplomasia wa Sweden aliyekuwa Budapest. Lakini mtu anayemtaja sana akisimulia ni dada wa kazi wa kwao, Maria, wenyewe walimwita Macs. Huyu dada hakuwa Myahudi, angeweza kabisa kufungasha akaenda zake, ila yeye alikuwa anakanda unga, anaupeleka kuokwa, anarudi na mikate kwa waliojificha, kuna siku akakamatwa akasimamishwa ukutani mikono juu muda mrefu, walipomwachia akaendelea kupeleka mikate vilevile. Jamani.

Hungaria alitoka baada ya uasi wa 1956 dhidi ya utawala wa kikomunisti, akapitia Vienna, akafika Marekani, PhD akaichukua Stanford 1965, akaanza kufundisha Harvard. Na utafiti aliofanya na watoto miaka hiyo ndio umenishika mimi mwalimu wa shule ya msingi kuliko hata vile vitabu vyake vikubwa vya mauaji ya kimbari. Mtoto anawekwa chumbani anachora, mtu mzima anatoka, halafu chumba cha pili inasikika kishindo na mtoto mwingine analia (ni kanda tu, ila yeye hajui). Je ataenda kuangalia? Ungetegemea kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyosaidia zaidi, na kweli kutoka chekechea mpaka darasa la pili inapanda, ila baada ya hapo inashuka, wengi wa darasa la sita wanakaa tu kitini wanasikiliza kilio. Walipoulizwa, wengi waliogopa kulaumiwa kwamba wametoka bila kuambiwa. Basi Staub akajaribu kitu kidogo sana, akawaambia wengine kabla kwamba penseli ikikatika mnaweza kwenda kuchukua nyingine chumba cha pili. Na hao wakaenda kumsaidia anayelia, wengi zaidi kuliko wenzao.

Yaani roho ya huruma ilikuwepo muda wote! Tulichowafundisha sisi walimu ni kwamba kutulia ndio adabu. Nafikiria darasa langu, watoto wamebanana kwenye madawati, mmoja akianguka uwanjani macho yote yananigeukia mimi kwanza, na siku zote nilikuwa naona hiyo ndiyo nidhamu nzuri.

Baadaye alifanya kazi na mapolisi wa Marekani pia, kuwafundisha askari kumzuia mwenzao anapopiga mtu, lakini iliyo karibu na sisi ni Rwanda. Alianza kwenda mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanasaikolojia mwenzake Laurie Anne Pearlman, na mawazo yao yakaingia kwenye mchezo wa redio, Musekeweya, ulioanza 2004. Vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, uhasama, kiongozi mchochezi, na vijana wawili wanaopendana kutoka pande tofauti, Batamuliza na Shema. Kwenye nchi ambayo redio 1994 ilitumika kuchochea watu wauane, wao wakaamua kutumia redio hiyohiyo kupatanisha.

Elizabeth Levy Paluck, mtafiti ambaye siku hizi naye ni profesa Chuo Kikuu cha Princeton, alipima matokeo ya mchezo huo baada ya mwaka mmoja, akilinganisha na waliosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Imani za watu za ndani hazikubadilika sana, na mimi napenda kwamba alisema hivyo bila kupamba. Kilichobadilika ni namna wanavyofanya mambo. Mwisho wa utafiti kila kikundi kilipewa redio ya kaseti na kanda za mchezo, wajipangie wenyewe nani atunze. Kwenye vikundi vya mchezo wa afya mara nyingi mtu anasema apewe kiongozi, wengine kimya, imeisha. Kwa wale wa Musekeweya watu walibishana, wakapinga, wakakubaliana zikae chini ya kikundi chote.

Kesho asubuhi kabla ya hesabu nitawaambia wanangu wazi, mwenzako akiumia toka, nenda, mimi utanikuta na utanieleza baadaye. Na ofisini pia nitalisema, maana wapo wenzangu wanaochapa mtoto kwa kusimama tu.