Kifurushi kiligoma kumalizika, nikaifuata skripti yake

Ukitumia Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux) kwa muda, ujumbe huu utakutana nao tu: `post-installation script subprocess returned error exit status 1`, yaani skripti inayoendeshwa baada ya faili za programu kuwekwa imeshindwa. Mimi ulinikuta nikisakinisha programu ya kuhifadhi nakala za data kwenye seva. Faili zote zilishafunguliwa, ila kifurushi (programu pamoja na skripti zake) kikabaki nusunusu, na kila nilipoita `apt`, amri ya kusakinisha programu, kwa jambo lingine, kosa lilelile linajitokeza.

Wengi watakushauri ufute skripti hiyo au uweke `exit 0` mwanzoni, ili `dpkg`, inayoviweka vifurushi kwenye mfumo, iamini kazi imekwisha. Siafiki kabisa. Skripti hiyo ndiyo inayomuunda mtumiaji wa programu, kupanga umiliki wa folda na kuwasha huduma. Ukiinyamazisha, kifurushi kitaonekana kizima na programu haitawaka.

Nikaiendea yenyewe. Skripti hizi hukaa `/var/lib/dpkg/info`, kwa jina la kifurushi likiishia na `.postinst`, na kwa kawaida ni maandishi ya sheli (programu inayotekeleza amri) unayoweza kuyasoma. Nikaweka nakala pembeni, nikaongeza `set -x` chini ya mstari wa kwanza, kisha nikaita `sudo dpkg --configure` na jina la kifurushi. Hapo kila amri inajionyesha inapotekelezwa.

Ya mwisho ilikuwa `chown`, amri ya kubadili mmiliki wa faili, ikilalamika `invalid user`. Lakini mistari michache juu yake skripti ilitakiwa imuunde mtumiaji huyo! Nikapanda kusoma, nikaona kauli fupi imezama katikati ya msururu: `[[: not found`. Mstari wenyewe ulikuwa hivi:

`if [[ -z "$(getent passwd nakala)" ]]; then`

Yaani: kama mtumiaji `nakala` hayupo, basi.

Skripti ilianza na `#!/bin/sh`, yaani iendeshwe na `sh`. Ubuntu tangu 6.10 ya mwaka 2006, na Debian tangu 6.0 ya 2011, `sh` ni sheli iitwayo dash, si bash, na dash haiyajui mabano ya kurudufu. `set -e`, inayosimamisha skripti amri ikishindwa, ilikuwepo, ila amri ikishindwa ndani ya sharti la `if`, skripti haisimami. Sharti huhesabiwa halikutimia. Kwa hiyo `adduser`, amri ya kumuunda mtumiaji, ikarukwa, safari ikaendelea mpaka kwenye `chown`. Kwenye mashine ambayo mtumiaji huyo tayari yupo, skripti hiyohiyo ingepita salama, na nadhani ndivyo kasoro hii ilivyowaponyoka watengenezaji.

Nikabakiza bano moja kila upande, nikaondoa `set -x`, nikaita `sudo dpkg --configure -a`. Kikamalizika.

Kabla ya kuwaandikia watengenezaji, nilizipitisha skripti zote za kifurushi kwenye `checkbashisms`, inayosaka mambo ya bash ndani ya skripti za `sh` na inayopatikana ndani ya kifurushi cha `devscripts`. Ikanasa nyingine kwenye `.prerm`, skripti inayoendeshwa kabla ya kuondoa programu: wameandika `source` mahali pa nukta (`.`), amri ya kusoma faili jingine, kosa ambalo lingejitokeza siku ya kuiondoa programu. Nikawatumia marekebisho yote mawili, kwa sababu niliyoyafanya kwa mkono yatafutika toleo jipya likiingia.