Dada wa Mate: siku yangu moja mwaloni Kayenze

Watoto wa Kayenze, penye mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, wananiita Dada wa Mate, na sijawahi kuwakasirikia, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ninakusanya mate ya watu wazima kwa ajili ya utafiti unaotaka kujua jinsi vinasaba tulivyorithi vinavyochangia kuamua bakteria wa kukaa vinywani mwetu, na jinsi bakteria hao wanavyohusiana na sukari na uzito wa mwili. Wengi hudhani mimi ni daktari, wachache hudhani ni mganga, na jirani yangu mmoja anaamini kwamba nalipwa kwa kutembeatembea.

Saa kumi na moja alfajiri nilihesabu vichupa ishirini na vinne, nikahakikisha kishikwambi kimejaa chaji, nikatoka. Haraka hiyo ina sababu yake: anayetoa mate hatakiwi kula, kunywa, kuvuta wala kutafuna chochote kwa nusu saa kabla, na mwaloni watu huanza kutafuna kabla jua halijachomoza.

Kufikia saa tatu nilikuwa nimemaliza kaya tatu: fomu ya ridhaa, kiuno kwa futi ya fundi cherehani, shinikizo la damu, tone la damu la kupimia sukari, kisha mate. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliniuliza kwa nini nisitosheke na damu. Nikamweleza kwamba ndani ya mate zimo chembe za mwili wake pamoja na bakteria wake, hivyo kichupa kimoja hunipa habari za mwenye nyumba na za wapangaji. Alicheka, kisha akauliza swali gumu zaidi: iwapo yeye na mumewe wanakula chungu kimoja, mbona meno ya mume yameoza na yake hayana hata tundu?

Hapo nilikaa juu ya ndoo. Nilimwambia kuna jeni, yaani kinasaba, iitwayo AMY1 ambayo mtu mmoja anaweza kuwa na nakala zake mbili na mwingine zaidi ya kumi. Jeni hiyo hutengeneza amilesi ya mate, kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga mdomoni. Atafune michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, taratibu, atauonja utamu ukiongezeka. Kwa kawaida, mwenye nakala nyingi hutoa amilesi nyingi zaidi, na sukari inayopatikana hailishi mwili peke yake, bali na bakteria walio karibu, wakiwemo wanaoozesha meno. Jeni nyingine, FUT2, huamua kama alama za kundi la damu zitaonekana kwenye mate au la, na baadhi ya bakteria hujishikiza kwenye alama hizo. Nikamwambia pia kwamba mswaki na chai yenye vijiko vinne vya sukari vina neno katika jambo hilo, naye akamtazama mumewe kwa namna ambayo sikuikusudia.

Jambo ninalopenda kulitaja ni kwamba nchi yetu, Tanzania, imo katika historia hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Wahadzabe, ambao huchimba mizizi, waliwekwa upande wa walaji wa wanga mwingi, na Wadatoga, ambao ni wafugaji, upande wa walaji wa wanga kidogo. Upande wa kwanza, kwa wastani, ulikuwa na nakala nyingi zaidi. Hata hivyo, nasita mtu anaponiambia kwamba unene wake ni wa AMY1: mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba wenye nakala chache wako katika hatari zaidi ya kunenepa kupita kiasi, na mwaka 2015 kundi lingine, lililohesabu nakala hizo kwa makini zaidi, halikuuona uhusiano huo.

Kisha nikafika kwa mzee mshona nyavu, na saa yangu ikapoteza maana. Baada ya kuitikia mwangaluka yangu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, alisema yuko tayari, huku ugoro ukiwa chini ya mdomo. Akasukutua, tukaanza kuhesabu nusu saa. Dakika ya ishirini na mbili muuza kahawa alipita akigonga vikombe, na kabla sijafungua kinywa mzee alikuwa amekwisha kunywa. Tukaanza upya. Safari hii akataka kujua mate yake yanakwenda wapi, kwa maana kwao mtu akishika mate yako amekushika wewe. Nilimwonyesha kwamba kichupa kina namba tu, nikamsomea fomu nzima mara ya pili, jua likinipiga kisogoni na harufu ya dagaa ikinikaba. Akaridhika, akapokea simu, na alipoikata alikuwa akitafuna kashata.

Nakiri kwamba nilitamani kuondoka. Lakini alipokubali hatimaye, kinywa kilikuwa kikavu, na ndipo akaniambia ana kisukari na kwamba fizi zake hutoka damu kila asubuhi. Huyo ndiye mtu ambaye utafiti wetu unamhitaji zaidi: sukari ikizidi katika damu, fizi hudhoofika na kinywa huweza kukauka, na fizi zilizovimba nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Nilimwandikia barua ya kumpeleka kliniki, nikamwambia afikirie embe bichi lenye chumvi. Akafumba macho. Mate yakaja, polepole, yakiwa na mapovu mengi.

Sikumbuki vizuri kaya zilizofuata. Najua nilipanda gari la kurudi jua likizama ziwani, miguu ikiwaka moto, nikiwa na vichupa kumi na saba vilivyojaa.

Nyumbani nilivikagua chini ya taa. Mapovu hayahesabiki, hushuka, na kinachobaki ndicho kipimo. Katika kichupa cha mzee wa nyavu, mate yalikuwa yameshuka hadi nusu tu ya kuufikia mstari unaotakiwa. Nilimpigia simu kumwomba radhi kwamba itabidi nirudi kesho, naye hakushangaa hata kidogo.

"Njoo alfajiri, mwanangu," alisema, "kabla muuza kahawa hajapita."