Lehemu ya Fedha

Tektronix 545A ni oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ya kubebwa na watu wawili. Uzito wake ni kama kilo 30, ndani imejaa makumi ya valvu, zile chupa za kioo zinazoongoza umeme kama za redio za zamani, na ikiwaka inakula wati 500 na ushei, ndiyo maana nyuma yake kuna feni isiyopumzika. Hii ninayoisimulia ilikuwa imekaa ghalani miaka mingi. Mimi na mzee aliyenifundisha ufundi tuliinyanyua hadi mezani, tukafungua mabamba ya ubavuni, na hapo ndipo nilipoipenda.

Nilikuwa nimezoea redio za valvu, ambazo ukizipindua unakuta rezista za kupunguza umeme na kapasita za kuuhifadhi zimening'inia kwa miguu yake, hii imepanda juu ya ile, na waya zimepita popote palipopatikana. Hapa palikuwa na vibao vyembamba vya kauri nyeupe vilivyopangwa kwa safu. Kila kibao kina mapengo madogo upande wa juu, na kila rezista imelala sawasawa kati ya vibao viwili, mguu mmoja pengo la huku, mwingine pengo la kule. Waya za umeme zilikuwa na michirizi ya rangi kulingana na volti zinazobeba. Ungeweza kufuata njia kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Unaona?" mzee alisema. "Waliotengeneza hii walijua siku moja wewe utakuja kuifungua."

Oskiloskopu hizi alizifahamu toka ujana wake. Alinieleza kwamba Howard Vollum na Jack Murdock walipoanzisha kampuni ya Tektronix huko Oregon, Marekani, mwaka 1946, oskiloskopu nyingi zilikuwa za kukuonyesha umbo la wimbi tu, tena wimbi lenyewe likitembea kiooni bila kutulia. Modeli yao ya 511, iliyotoka mwaka 1947, ilisubiri wimbi lifike ndipo ianze kuchora, na mizani yake ya muda ilikuwa ya kupimia kweli, si ya kukisia. Ile ya kwetu ilikuwa mjukuu wa 511, yenye uwezo wa kufuata mawimbi ya hadi megahezi 30. Alizungumza juu ya hayo huku akisugua chujio la feni, na vumbi lililotoka humo lilijaza karai.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tektronix wenyewe walikuwa wakiosha vifaa hivi kwa maji ya sabuni kwenye karakana zao na kuvikausha kwa joto, lakini mzee hakutaka maji yasogelee transfoma ya volti kali iliyozeeka kiasi kile. Tukatumia brashi laini na hewa. Kisha, kabla ya kuwasha chochote, tulipima ukinzani wa kila njia ya umeme hadi kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma, na kulinganisha na kitabu chake. Kapasita moja ya karatasi ilikuwa inavuja, tukaibadilisha.

Njia zenyewe, zinazolisha kifaa kizima umeme, ni tano: volti 150 hasi, kisha 100, 225, 350 na 500 chanya. Iliyo muhimu kupita zote ni ile hasi. Inajipima kwa valvu ndogo ya gesi iitwayo 5651, ambayo kazi yake ni kushikilia volti zilezile bila kuyumba, na njia nyingine zote zinajilinganisha na hiyo 150. Kama hiyo haiko sawa, kurekebisha nyingine ni kujichosha bure. Mimi naamini robo tatu ya oskiloskopu za aina hii zinazotupwa kwa kisingizio cha kuharibika zina tatizo ambalo mita ya kawaida ingelionyesha kwenye mojawapo ya njia hizo tano, laiti mtu angeanzia hapo.

"Mkono wa kushoto mfukoni," mzee alisema, nami nikautia. Humo ndani mna sehemu za volti maelfu, na mkono mmoja ukibaki nje ya kazi, umeme haupati njia ya kukatiza kifuani.

Tukawasha. Filamenti, nyuzi za ndani ya valvu, zilianza kuwa nyekundu, kisha rangi ya chungwa, safu baada ya safu. Feni ikavuma. Kwa karibu nusu dakika hakuna kingine kilichotokea, kwa sababu kuna relei, swichi inayojiwasha yenyewe, inayosubiri valvu zipate joto kabla ya kuziruhusia volti kubwa. Halafu ikagonga, tak, na harufu ya vumbi la moto ikapanda. Mzee alikuwa ameinamia mita. Mimi niliangalia kioo, na mstari wa kijani ulipotokea, mwembamba, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, nilipiga kelele za furaha.

Haukudumu. Uliruka juu, ukatetemeka, ukarudi. Baadaye kidogo ukaruka tena. Mzee hakuutazama hata kidogo; alihamisha ncha ya mita kutoka njia moja hadi nyingine. Ile 150 hasi ilikuwa imetulia tuli. Ile 100, tuli. Alipofika 225 tukaona mshale unapanda kwa ghafla, unaning'inia huko juu, kisha unashuka mahali pake.

"Mzee, tubadilishe valvu za njia hiyo," nikasema. "Nzima ninazo."

"Valvu imekukosea nini, mwanangu? Umeipima?"

Tuliitoa, tukaipima, ilikuwa nzima. Akanieleza kwa nini hapendi kubahatisha kwa valvu. Katika kifaa cha redio utaibadilisha na mambo yataendelea. Katika kifaa cha kupimia, kila valvu imerekebishwa pamoja na majirani zake, kwa hiyo ukihamisha tano kwa pupa unakuwa na kosa lilelile la mwanzo pamoja na mengine uliyoyazua wewe. Akachukua kijiti cha plastiki, akaanza kugonga vibao vya kauri, taratibu, kimoja baada ya kingine, jicho langu likiwa kwenye mshale.

Ulipanda alipofika kibao cha tatu kutoka chini.

Hapo ndipo zilipokaa rezista mbili zinazoamua ile 225 iwe kiasi gani. Moja inatoka kwenye 225 yenyewe, nyingine inatoka kwenye 150 hasi, na pale zinapokutana pana valvu inayolinganisha. Mguu wa ile ya juu ukiachia hata kidogo, valvu hiyo inaona upande hasi peke yake, inadhani volti zimeanguka, inaamuru ziongezwe. Tukazima, tukasubiri, tukamwaga chaji ya kapasita kubwa kupitia rezista, tukapima tena kuhakikisha hamna kitu. Mzee akanipa lenzi.

Mapengo yote ya kibao kile yalikuwa na lehemu nyembamba inayong'aa, imeshika kuta za kauri kama imeota humo. Pengo moja tu lilikuwa na donge, kubwa, la kijivu, halina mng'ao. Nililigusa kwa kijiti. Lilicheza kama jino bovu.

Kuta za mapengo yale zimepakwa fedha, kwa sababu lehemu haishiki kwenye kauri tupu. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi inaila fedha hiyo na kuichukua. Mara moja haileti balaa. Ukirudia, au ukizidisha moto, kinachobaki ni kauri tupu na donge lililokaa humo bila kushikwa na chochote. Kuna fundi aliyewahi kutengeneza hapa kabla yetu, akatumia alichokuwa nacho mkononi, na pengine kifaa kilimtii kwa miaka. Kilichonisikitisha ni kwamba dawa ilikuwa humohumo. Mzee alielekeza taa ndani, na pale, kwenye kishikizo chake, palikuwa na rili ndogo ya lehemu yenye asilimia 3 ya fedha. Kiwandani waliiweka kwa ajili ya yeyote atakayekuja kutengeneza, kwa kuwa walijua si kila fundi atakuwa na lehemu ya namna ile. Nilitamani kumpa mkono mtu aliyebuni jambo hilo.

Pengo lililopoteza fedha yake halifufuki. Tuliliondoa donge, tukaacha pengo wazi, tukauhamishia mguu wa rezista kwenye pengo jirani ambalo halikuwa na kazi, na waya mfupi ukaunganisha palipohitajika. Mzee aliniachia kazi hiyo niifanye mimi. Ncha ya chuma cha kulehemia inagusa lehemu, haikandamizi kauri, maana kauri inapasuka. Unayeyusha, unahesabu pumzi moja, unaondoa. Lehemu ya rili ile ilitandaa kwenye kuta zote mbili za pengo kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwenye redio.

Tulipowasha tena, 225 ilisimama. Mzee aligonga kila kibao, akagonga hata meza. Tukaingiza mawimbi ya mraba kutoka kwenye kikalibresha cha oskiloskopu yenyewe, sehemu inayotoa wimbi la kuijaribia, na pembe zake zilikuwa karibu kamilifu, mviringo kidogo upande wa kushoto ambao tuliurekebisha siku nyingine.

Lehemu iliyobaki kwenye rili haikuzidi urefu wa kidole. Niliagiza nyingine ya asilimia 3, nikaizungushia kwenye rili ileile na kuirudisha kwenye kishikizo. Mzee alitaka pia tuache karatasi ndani ya bamba, inayoeleza rezista gani imehamishwa na pengo gani lisitumike tena. Aliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Nilipomwambia tuweke na majina yetu, alikataa.

"Atakayefungua anatafuta pengo," alisema. "Mimi ananitafutia nini?"